Kiti cha Bi Zuhura na Picha ya Kalenda

Watu wanaoandika kumbukumbu za kazini huwa na mvi. Mimi ndevu zangu bado hazijakutana kidevuni. Lakini mkataba wangu umekwisha, idara yetu imehamishiwa Nairobi, na mama yangu anawaambia majirani kwamba nimestaafu, kwa sababu neno hilo lina heshima kuliko lile jingine. Basi na tuseme nimestaafu. Aliyenitaka niandike ni Madam Nyevu, aliyekuwa mkubwa wetu. Alisema kuna vijana wapya watakaokuja kufanya kazi tuliyokuwa tukiifanya, na hawaijui Mombasa. "Andika uliyoyaona, Twahir," akaniambia. "Usiwaandikie maoni, watapewa mengi." Nimesoma mpaka darasa la nane na mkono wangu ni mzito, kwa hiyo mtanisamehe nikienda polepole.

Kazi yenyewe sikuwahi kuielewa vizuri. Kampuni yetu ni ya bima ya afya. Ghorofani wenzetu walikuwa wakiuza kadi za bima, na sisi chini, katika chumba kilicho ubavuni mwa jenereta, tulikuwa tukigawa. Tuligawa miwani, magongo, vipimo vya sukari, na viti vya magurudumu. Mlangoni paliandikwa Huduma kwa Jamii, lakini wakubwa waliiita idara yetu kwa herufi tatu za Kizungu. Nilipomuuliza dereva wetu, Baba Mwaruwa, herufi hizo zina maana gani, alifikiri kidogo akasema, "Zina maana gari lioshwe kabla ya picha."

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Liwatoni. Tulikwenda kuwapima wavuvi presha bure. Mimi niliajiriwa kwa ajili ya hema: kulisimamisha, kulilinda lisiondoke na upepo, na kulikunja. Nilikuwa na haya hata sikuweza kumwambia mtu asogee, kwa hiyo nikawa nafunga kamba kuwazunguka watu waliosimama. Baba Mwaruwa akaja akaifungua kazi yangu yote.

"Ninyi watu wa Kuze kilemba mwakifunga vizuri," akasema, "lakini fundo la kamba ni la kwetu Mariakani. Tazama."

Yeye ni Mduruma, na tangu siku hiyo hakuacha kunitania kwamba sisi wa mjini tumezaliwa na viatu. Ndiye aliyenifundisha kazi. Kigingi kipigwe kwa kuelekea nje. Spika isiwekwe karibu na muuguzi, maana atashindwa kusikia mapigo ya moyo. Na bango la kampuni, lile la plastiki lenye maandishi makubwa, likatwe matundu madogo kwa kisu ili upepo upite ndani yake. Bila hivyo litavuta nguzo na hema zima. Mtu wa ghorofani aliona matundu hayo akakasirika, akasema tumetoboa jina la kampuni. Baba Mwaruwa akamjibu kwamba jina lisilopitisha upepo litaokotwa Likoni.

Kwenye foleni siku hiyo kulikuwa na mvuvi mmoja mwenye mikono iliyokatikakatika kwa mshipi. Muuguzi alimpima, akampima tena, akamwambia presha yake iko juu sana.

"Haya, mmenipima," yule mvuvi akasema. "Sasa?"

"Sasa uende hospitali, baba."

"Hospitali naijua iliko. Nilidhani ninyi ndio mmekuja."

Muuguzi akanitazama mimi, nami nikatazama kamba. Ile "sasa" yake nimeisikia mara nyingi baadaye, kutoka kwa watu wengine, na mpaka leo sina jibu lake. Ninyi mtakaokuja, jitayarisheni nayo. Haimo katika mafunzo.

Nitayaruka mengi ya katikati. Kulikuwa na siku ya miwani ambapo wazee wote walichagua fremu moja. Kulikuwa na siku ya presha ambayo kila mtu alikutwa nayo juu, tukashtuka, kisha tukagundua kwamba wamesimama juani tangu asubuhi wakigombania nafasi. Nayakumbuka, lakini kesi ngumu kwangu ni ile ya Bi Zuhura, nayo ndiyo nitakayoieleza yote.

Bi Zuhura ni jirani yetu Kuze, Mji wa Kale, nyumba ya tatu kutoka kwetu, ghorofa ya juu. Aliteleza jikoni akavunjika nyonga. Nyonga ikaunga, lakini ikaunga vibaya. Akishika ukuta anaweza kusimama na kwenda msalani, basi. Ngazi hawezi. Tangu aanguke hakuwahi kukanyaga nje. Vitu vyake alikuwa akivinunua kwa kikapu: anakiteremsha dirishani kwa kamba, pesa ziko ndani, anamwita mwenye mchicha kwa jina, kisha anavuta. Kwa chakula hakuwa na shida, na mwanawe aliye ng'ambo hakumsahau. Shida yake ilikuwa dada yake.

Dada yake ni Bi Rukia, wa Kibokoni. Kutoka Kuze mpaka hapo ni mwendo wa mtu kwenda kuomba chumvi. Bi Rukia naye ana miguu ya uvimbe, ngazi za Bi Zuhura hazipandi. Kwa hiyo walikuwa wakizungumza kwa simu kila asubuhi baada ya chai, mpaka masikio ya Bi Rukia yakafa, moja baada ya jingine. Akipigiwa, huihisi simu ikitetemeka mapajani, huichukua na kuiweka sikioni kwa mazoea, akasema, "Zuhura, sikusikii, lakini najua ni wewe," kisha akakata. Hayo ndiyo yaliyobaki kati ya ndugu wawili waliolala kitanda kimoja utotoni. Bi Zuhura alimweleza mama yangu kwamba haogopi kufa. Anaogopa Rukia atangulie bila wao kuonana uso kwa uso.

Kwa hiyo Madam Nyevu aliponiuliza kama Kuze kuna mtu anayehitaji kiti cha magurudumu, nikamtaja Bi Zuhura papo hapo. Nilifurahi kwa sababu nilikuwa nimesema kitu mkutanoni. Madam akaandika. Hakuna aliyeuliza juu ya ngazi, wala mimi. Nimezipanda ngazi zile tangu mdogo nikipeleka sahani za futari. Ngazi za nyumba zetu hatuziangalii. Miguu ndiyo inayozijua.

Tukampelekea siku ya Ijumaa. Nilivaa kanzu na kofia, maana Ijumaa tuliruhusiwa. Madam Nyevu alikuja, Baba Mwaruwa alikuja, na mpiga picha aliyetumwa kutoka makao makuu, ambaye alikuwa na tiketi ya treni ya mchana na kila mara alitazama simu yake. Tulikishusha kiti barabarani kwa sababu gari haliingii uchochoro ule, nikakisukuma mpaka mlangoni kwa Bi Zuhura. Kiti kikaingia mlangoni. Kwenye ngazi ya kwanza kikakwama magurudumu yote mawili, kushoto ukuta na kulia ukuta. Tukakigeuza ubavu. Tukakiinua juu ya vichwa. Ngazi zile zimesimama kama za mnara, na katikati zinakata kona, na kuna kamba inayoning'inia kutoka darini ya kushikia. Kwenye kona kiti kilikataa kabisa.

"Na akishuka yeye?" Madam Nyevu akauliza.

Nikapanda kuuliza. Bi Zuhura alikuwa amejipamba, ametia wanja, amekaa karibu na dirisha.

"Bi, majirani waweza kukubeba mpaka chini, kiti kiko hapo."

"Mimi sibebwi," akasema.

"Bi, ni hatua chache tu."

"Mwanangu Twahir, wanaume wanikumbatie ngazini, Kuze mzima watazama? Mimi ntabebwa siku moja, na siku hiyo sitakuwa na habari. Waambie ahsanteni. Kiti ni kizuri, nimekiona hapa dirishani." Kisha akafikiri. "Sasa?"

Nikashuka. Nilipofika chini, kikapu kilikuwa kinashuka kwa kamba, na ndani yake kulikuwa na leso mpya, kanga ambayo haijavaliwa. Bi Zuhura akasema kutoka juu: "Kifunikeni hicho kiti, vumbi!"

Mpiga picha akatazama simu. Akasema mpokeaji akija au asije, yeye lazima apime mwanga, maana uchochoro una kivuli. "Wewe, bwana mdogo, kaa hapo nijaribu." Nikakaa. Leso ilikuwa mikononi mwangu, nikaiweka magotini. Madam Nyevu alikuwa amesimama nyuma ya kiti, ameshika vishikio, anafikiri. Mimi kupigwa picha sipendi, nikainamisha uso. Mpiga picha akasema, "Vizuri sana," akapiga, akafunga mkoba, akaenda zake kwenye treni. Hatukumwona tena mpaka siku nitakayoieleza.

Kiti hatukuweza kukirudisha, kwa kuwa kilikwisha andikwa kwamba kimetolewa. Tukakiweka dukani kwa Hatim, mwenye duka la nafaka lililo pembeni mwa uchochoro. Hatim ni mtu mwema. Siku ya pili nikapita nikaona amekiwekea gunia la mchele. "Limekaa kwa heshima," akaniambia.

Mwisho wa mwaka kalenda ya kampuni ikatoka. Ndani kulikuwa na bahari, na mtoto anayecheka na muuguzi, na mengine ya kawaida. Jalada lilikuwa mimi. Kijana wa kanzu, amekaa kwenye kiti cha magurudumu, leso magotini, uso umeinama kwa huzuni, na nyuma yake mama mwenye huruma amemsimamia. Chini yake paliandikwa: Tuko Nawe. Nilimpelekea Madam Nyevu. Akasema picha ile ilitumwa pamoja na nyingine, naye alidhani huko Nairobi watajua kwamba ni ya kupimia mwanga. Kalenda zilikuwa zimekwisha kugawiwa pwani nzima.

Ikiwa hamjui desturi zetu, nawaeleza: mtu wa Mji wa Kale akisikia mgonjwa, haulizi, huja. Kwanza walikuja shangazi zangu wa Likoni na mkate wa sinia, wakilia mlangoni. Mama akatoka mbio akidhani wameleta habari ya msiba, naye akaanza kulia. Ikachukua muda kujua nani analiliwa. Mimi nilikuwa ndani nakula. Nikatoka, wakaniona nimesimama, wakalia zaidi.

"Subhanallah! Anatembea!"

"Shangazi, sikuacha kutembea."

"Mwacheni, msimchokoze," mmoja akasema, "bado hajui yaliyompata."

Wakaja wa Majengo na uji. Wakaja watu ambao mama hawajui. Ijumaa moja msikitini, baada ya sala, imamu akatuomba tumwombee kijana wetu, Twahir wa Kuze, Mwenyezi Mungu amrudishie miguu yake. Nikainua mikono nikaitikia amin kwa nguvu zote, nikimhurumia huyo mwenye jina kama langu. Wa pembeni yangu akanitazama, akaitazama miguu yangu, akasogea.

Aliyeongeza moto ni Hatim. Kalenda aliitundika ukutani juu ya kile kiti chenye gunia, na mteja akiuliza, humjibu, "Huyo kijana? Amepona, akaniachia kiti." Alikuwa akinitania mimi. Lakini utani ukitoka dukani kwa Hatim hufika Nyali kabla ya mchele. Haukupita muda mrefu kabla ya watu kuniambia barabarani kwamba dua yao imekubaliwa. Mimi nikashindwa kujua niwakatalieje dua.

Kisha habari zikafika makao makuu. Mkurugenzi mmoja mkubwa alikuwa akija Mombasa, na akasema anataka kumwona yule kijana wa kalenda aliyeinuka kutoka kwenye kiti. Madam Nyevu alituita mimi na Baba Mwaruwa, akafunga mlango. Jenereta ilikuwa inanguruma, ikabidi aseme kwa sauti jambo ambalo alitaka kulinong'ona.

"Twahir, ungekaa tu kitini. Dakika chache. Akupe mkono, basi, aende."

Nikaitazama miguu yangu.

"Mama," Baba Mwaruwa akasema, "akikaa halafu akainuka, ni muujiza. Akikaa asiinuke, shangazi zake wa Likoni watarudi. Mimi nawaza tu mafuta ya gari."

"Mwaruwa, tafadhali. Hili jambo likijulikana mimi ndiye nitakayeulizwa."

Nilimwonea huruma, maana hakuwa mtu mbaya, na ni kweli yeye ndiye angeulizwa. Lakini nilikuwa nimechoka kuletewa uji. Nikasema, na nadhani ni mara ya pili tu kusema mkutanoni, "Madam, kile kiti si changu. Cha Bi Zuhura. Mgeni apelekwe kwake."

"Na Bi Zuhura atashuka?"

"Hashuki."

Akatazama ukuta, ambapo ile kalenda ilikuwa imetundikwa, hata humo. Akasema, "Basi mgeni apande."

Siku ikafika. Mgeni alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye suti na viatu vya kung'aa, na alikuja na mpiga picha yule yule. Njiani Madam Nyevu akamweleza ukweli wote, na mimi nilikuwa nyuma nikisikiliza kichogo chake kama kitakasirika. Hakikukasirika. Alicheka mpaka akasimama kujifuta macho, akageuka akanipa mkono. "Kwa hiyo wewe ni mzima?" Nikamwambia ndiyo, niko mzima. Akasema, "Pole," nami sijui alinipa pole ya nini.

Tukafika kwa Bi Zuhura, mgeni akaanza kupanda. Nilimwambia ashike kamba. Alipofika kwenye kona kiatu kikateleza kidogo, hakuanguka, lakini goti lake likalia kama kuni. Akakaa pale pale ngazini, akasema hawezi kwenda juu wala chini.

"Nani huyo?" sauti ya Bi Zuhura ikatoka juu.

"Mgeni wako, Bi!" nikajibu.

"Mbona amekaa ngazini kama paka?"

"Goti, mama," mgeni akasema mwenyewe, jasho linamtoka. "Goti limenitupa."

"Pole, babangu. Zinavunja watu hizo. Twahir! Ndoo huku uchukue kiti cha jikoni."

Nikamruka mgeni kwa adabu niliyoweza, nikapanda, nikateremsha kiti cha mbao kisicho na mikono. Baba Mwaruwa alikuwa ameshawaita mahamali wawili wa dukani kwa Hatim, wale wanaobeba magunia ya mchele kutwa. Walimkalisha mgeni kitini, Baba Mwaruwa akamfunga kifuani kwa kamba ya hema kutoka garini, na fundo lilikuwa la Mariakani. Hamali mmoja akashika miguu ya mbele ya kiti akiwa chini, mwenzake akashika mgongo wa kiti akiwa juu, wakamtelemsha ngazi moja moja, kiti kimelazwa nyuma kidogo. Hawakumgusa mwili. Kubeba gunia kwenye ngazi nyembamba ni hivyo hivyo.

"Taratibu, ndugu zangu," mgeni akawa anasema, "mimi ni mtu wa familia."

"Usijali, mzee," hamali wa juu akamjibu. "Mchele haujawahi kulalamika."

Kutoka juu nikasikia kicheko. Bi Zuhura alikuwa amejikokota mpaka mlangoni pake, ameshika ukuta, anatazama chini kwenye ngazi. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu aanguke.

Mgeni alipofika chini watu walikuwa wamejaa uchochoroni, wanampa pole, na mmoja alikuwa ameshamletea kahawa. Hakuna aliyemcheka kwa ubaya. Akatiwa kwenye tuktuk kupelekwa hospitali, na mpiga picha akaenda naye, kwa sababu goti la mkurugenzi lilikuwa muhimu kuliko sisi. Uchochoro ukaanza kutulia. Mahamali wakakung'uta mikono.

"Nyinyi!" Bi Zuhura akaita. "Mwaenda wapi?"

Wakatazama juu.

"Kiti hicho hicho. Nami."

Nikapanda na kile kiti cha jikoni hata sikumbuki ngazi. "Bi, ulisema hubebwi."

"Bwana mkubwa na suti yake kabebwa, kashuka, kapewa kahawa. Mimi ni nani?" Akajitanda buibui. "Nao hawakumshika. Wameshika kiti. Nimeona kwa mato yangu. Mwite yule mama afunge, wewe ndoo unishikie mkoba."

Madam Nyevu akapanda kwa mara ya kwanza, ameshika kamba kwa mikono miwili. Alimfunga Bi Zuhura kwa leso mbili, moja kifuani na moja miguuni juu ya buibui, huku Bi Zuhura akimwambia kaza, kaza, mimi si maandazi. Mahamali wakaingia wakiwa wameinamisha nyuso. Wa juu alisema bismillahi. Walimshusha polepole kuliko mgeni, na safari hii hakukuwa na utani. Bi Zuhura alifumba macho. Kwenye kona aliyafumbua, akaigusa ile kamba ya darini wakati wakiipita, kama mtu anayemsalimia anayemjua.

Chini, Hatim alikuwa ameshaondoa gunia. Alikuwa anakifuta kile kiti kwa kanga ya mkewe, anafuta na kufuta. "Kilikuwa kinakungoja, Bi Zuhura," akasema. "Mchele nilikuwa nimeuazimisha kiti tu."

"Kinanuka panya," Bi Zuhura akasema, akafunguliwa, akashika ukuta akakaa, na Madam Nyevu akamfunga tena leso ya kifuani.

Nikamsukuma mpaka Kibokoni. Madam Nyevu alikuja nyuma na viatu vyake mkononi. Kila mlango watu walitoka, na Bi Zuhura aliwasalimia mmoja mmoja, akiuliza habari za watu waliokufa na waliozaliwa, akishangaa rangi za milango. Kwa Bi Rukia kizingiti ni kirefu, kiti hakikupanda. Basi mjukuu akamtoa Bi Rukia nje, akamkalisha kwenye baraza ya mawe, na baraza ile iko sawasawa na kiti. Wakawa magoti kwa magoti.

Bi Zuhura alisema mengi kwa haraka. Bi Rukia akatikisa kichwa.

"Sikusikii," akasema. "Lakini umenenepa."

Bi Zuhura akamkamata mkono, akaunusa, akaanza kulia, naye Bi Rukia akamfuta machozi kwa ncha ya mtandio kama anayemfuta mtoto pua. Mimi sikujua nitazame wapi. Halafu Bi Rukia akaniona, akakaza macho.

"Zuhura! Huyu si yule mgonjwa wa kalenda? Ametembea!"

Bi Zuhura alicheka mpaka leso ya kifuani ikafunguka.

Tulimrudisha kabla ya magharibi. Kupanda ni kugumu kuliko kushuka. Wapeni mahamali maji kwanza.

Wiki iliyofuata Madam Nyevu aliandika ripoti. Makao makuu wakamjibu vizuri tu, wakaomba picha ya Bi Zuhura akiwa kwenye kiti. Haikuwako. Mpiga picha alikuwa hospitali na goti la mkurugenzi. Bila picha, wakasema, shughuli ile haiwezi kuingia kwenye hesabu za mwaka. Ile nyingine, yangu, ilikuwa imeingia zamani. Nilimuuliza Madam kama tunaweza kuwaajiri wale mahamali wawili, mara moja kwa wiki. Akatafuta mahali pa kuwaandika kwenye fomu. Kulikuwa na nafasi ya viti, magongo, miwani. Nafasi ya mtu wa kubeba haikuwako. Alitafuta kweli, nilikuwa nimesimama pale. Baadaye idara ikahamishwa, naye akapelekwa ghorofani kuuza kadi.

Kwa hiyo sijui niwaambie kazi hii ni nini. Nikisema ni kugawa viti, kiti kilikaa na mchele. Nikisema ni kuwashusha watu, hakuna mahali ilipoandikwa. Nilichokiona ndicho hiki, nami nimekatazwa maoni. Toboeni bango. Pandeni ngazi kabla ya kununua kitu.

Siku hizi, Ijumaa baada ya alasiri, mimi na wale mahamali humshusha Bi Zuhura. Wao hupewa kahawa na kaimati, mimi humsukuma. Na kila wiki, kabla hatujafika Kibokoni, kuna mtu atanisimamisha, mara nyingi mgeni kutoka ng'ambo ya kisiwa, atanitazama sana, aseme, "Wewe si yule wa kalenda? Miguu i hali gani?" Zamani nilikuwa nikieleza: mwanga, treni, leso. Maelezo ni marefu na hakuna aliyewahi kuyasubiri mpaka mwisho. Sasa najibu, "Alhamdulillahi, haijambo." Wanafurahi sana, wananishika mkono, wanaomba dua nyingine pale pale njiani, nami naitikia.

Bi Zuhura, kitini mbele yangu, hunigonga vidole kwenye kishikio.

"Ukimaliza kupona," husema, "twende."